Nani Anasema? Juu ya Sura ya Mabel Cooper

Katika seminari tumezoea kumpima mtu kwa kitabu: asomaye upesi twamwita mwenye akili, asiyeweza kusoma twamwacha nyuma. Kwa hiyo yafaa tukitazame kitabu cha Kiingereza kiitwacho "Forgotten Lives", kilichotolewa mwaka 1997 na Dorothy Atkinson, Mark Jackson na Jan Walmsley, juu ya historia ya watu wenye ulemavu wa akili. Sehemu kubwa imeandikwa na wataalamu. Lakini sura moja ni ya Mabel Cooper, mwanamke aliyekaa miaka mingi katika hospitali ya St Lawrence's, huko Caterham, Uingereza, akatoka pasipo kujua kusoma.

Aliandikaje basi? Alisimulia. Bibi Atkinson, mwalimu wa Open University, alinasa sauti yake kwa mashini, akayaandika maneno, kisha akamsomea mwenyewe. Jambo hili twalisifu. Zamani wataalamu waliandika juu ya watu hao kama daktari aandikavyo juu ya ugonjwa. Hapa aliyefungiwa ndiye shahidi.

Hata hivyo tuna neno. Bibi Atkinson aliyaondoa maswali yake, akapanga habari kwa kufuata miaka. Hakuificha kazi hiyo, lakini msomaji wa sura yenyewe asikia sauti moja pahali waliposema wawili. Swali likifutwa, hatujui lipi Mabel alitaka kulisema na lipi aliulizwa tu. Walmsley mwenyewe, pamoja na Kelley Johnson, walionya katika kitabu chao cha mwaka 2003 kwamba katika utafiti wa namna hii kazi ya msaidizi hufichwa mno. Kusaidiwa si aibu. Nani kati yetu ameandika tasnifu bila mwalimu? Bali msaada ukifichwa, wabishi watasema: huyu hakuweza, aliandikiwa.

Mwaka 2010 Open University ilimpa Mabel digrii ya heshima. Vema, lakini heshima ya siku moja si kiti cha darasani. Trinity College, huko Dublin, imekwenda mbele zaidi: yawapa watu wenye ulemavu wa akili masomo ya miaka miwili, nao humo ni wanafunzi, si wageni.

Ninyi wakatekista mwawajua watoto wanaorudishwa kila mwaka kwa sababu hawawezi kukariri. Kabla ya kuwarudisha tena, tukae nao, tuwaulize, tuwasikilize. Na tukiandika, tuandike jibu lao pamoja na swali letu.