Kupima na Kutunza Soketi ya Kifaa cha Kuprogramu Chipu

Katika kifaa cha kuprogramu mikrokontrola, soketi ndiyo huchakaa kwanza. Saketi za ndani haziguswi, ilhali soketi hubana na kuachia chipu kila siku, na kila chipu huiachia kitu: vumbi, mafuta ya vidole au punje ya lehemu.

Inayofaa ni soketi ya wenzo. Wenzo ukiinuliwa, viguso huachana, na chipu hukaa bila kusukumwa. Ukilazwa, miguu yote hubanwa kwa pamoja. Wenzo mzuri hauyumbi, huwa mgumu kidogo kidogo kadiri unavyolala, kisha hutulia. Ukilala kwa ulaini kupita kiasi, huenda viguso vimelegea. Chipu iliyobanwa ivutwe polepole kwa vidole. Ikiinuka hata upande mmoja, soketi hiyo si ya kutegemewa.

Baada ya mkono, jicho. Chini ya lenzi, viguso bora vina rangi ya dhahabu inayolingana safu nzima. Tabaka hilo ni jembamba mno na likikwaruzwa halirudi, kwa hiyo msasa ni marufuku. Madoa ya kijivu mara nyingi ni bati kutoka kwenye miguu ya chipu, nalo hufanya oksidi inayozuia umeme. Huondolewa kwa brashi laini iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, kifaa kikiwa kimechomolewa na wenzo ukiwa juu. Kisha wenzo hupandishwa na kushushwa mara kadhaa, na soketi huachwa ikauke kabisa. Pamba huacha nyuzi. Mafuta ya kulainisha hunasa vumbi.

Kinachoua soketi nyingi ni chipu zilizong'olewa kwenye bodi kuukuu. Mguu ulionenepa kwa lehemu hupanua kiguso, na chipu mpya itakayofuata haitashikwa sawasawa. Miguu ya namna hiyo hufyonzwa lehemu kwa utambi wa shaba na kunyooshwa kwanza. Penye kazi nyingi, soketi ya wenzo huchomekwa juu ya soketi ya kawaida iliyochomelewa kwenye bodi, ili siku ikichoka ing'olewe bila kushika pasi ya lehemu.

Upana nao uangaliwe: safu za miguu ya ATmega328P ya miguu 28 zimeachana milimita 7.62, na za AT89S52 ya miguu 40 milimita 15.24. Soketi nzuri hupokea zote mbili. Upande wa mguu wa kwanza ufuate mchoro wa kifaa, kwa kuwa chipu iliyogeuzwa yaweza kuungua.

Kipimo cha mwisho ni kusoma kitambulisho cha chipu. ATmega328P hujibu 1E 95 0F. Ikijibu 00 00 00 au FF FF FF, kisha ikajibu sawa baada ya kutolewa na kurudishwa, wa kushukiwa kwanza ni mgusano wa soketi, na chipu isitupwe.