Misemo ya Kiingereza Itumiwayo Pasipo Kufikiriwa

Wako wengi kwetu wajifunzao Kiingereza ili waandike insha za mtihani, nao hao ndio niwaandikiao. Mwezi wa Aprili 1946 George Orwell, Mwingereza aliyepata kuwa mwalimu wa shule, alitoa katika gazeti liitwalo Horizon makala juu ya siasa na lugha ya Kiingereza. Makala hayo yasomwa hata leo vyuoni. Yastahili sifa, walakini yana upungufu.

Sifa yake ni hii: Orwell aonyesha ya kuwa mtu akitumia msemo ambao haoni picha yake moyoni, huuharibu. Waingereza husema "toe the line", yaani kusimama na ncha za vidole vya miguu penye mstari. Maana yake kufuata amri. Lakini wengine huandika "tow the line", kana kwamba wakokota kamba! Tena hutaja nyundo na fuawe wakidhani ya kuwa fuawe ndiyo ishindwayo. Orwell akumbusha ya kuwa fuawe ndiyo ivunjayo nyundo. Mhunzi yeyote atamshuhudia.

Upungufu wa kwanza ni huu: atukataza kabisa mifano ya maneno tuliyoizoea vitabuni. Amri hiyo yamfaa aliyezaliwa na lugha. Sisi tuliojifunza Kiingereza kwa vitabu, tutatoa wapi maneno mengine?

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi. Vifungu vingi viunganishavyo maneno yeye ataka vikatwe, wala hafundishi kuvitumia sawasawa. Na hapo ndipo wanafunzi wetu waangukapo. Mmoja ataka kusema kwamba kahawa huleta fedha, lakini yataka kazi nyingi. Katikati atia "on the contrary". Maana yake ni "la, sivyo". Basi amekana kwa kinywa chake kwamba kahawa huleta fedha! Alipaswa kuandika "on the other hand", yaani "kwa upande wa pili", kifungu kipimacho mambo mawili yaliyo kweli yote. Msahihishaji hawezi kujua alichokusudia, ahukumu kilichoandikwa.

Tena Orwell ataka tusiseme "kilifanywa" palipo nafasi ya kusema "alifanya", naye mwenyewe katika makala yale yale asema hivyo mara nyingi. Wala si kosa: aandikaye habari za maji yaliyopimwa joto, maji ndiyo shauri, si mpimaji.

Hata hivyo kanuni yake ya mwisho yamwokoa: yaruhusu kuvunja nyingine zote kuliko kuandika neno baya. Basi na tuyasome makala hayo kwa kuchagua. Nami naongeza kipimo kimoja: kabla ya kuandika msemo wa Kiingereza, jaribu kuueleza kwa Kiswahili. Ukishindwa, uache, bado haujawa wako.