Mti si mtu: juu ya kitabu cha Bibi Robin Wall Kimmerer

Kitabu tunachotaka kupima hapa kilitoka Marekani mwaka 2013, na tangu hapo kimeuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Kinaitwa Braiding Sweetgrass. Wenye kusoma Kifaransa watakipata kwa jina la Tresser les herbes sacrées. Mtungaji, Bibi Robin Wall Kimmerer, ni profesa wa elimu ya mimea katika jimbo la New York. Alijulikana kwanza kwa kuchunguza vile vijimea vya kijani vinavyofunika mawe penye unyevu. Tena ni mtu wa Potawatomi, moja la makabila yaliyokaa nchi ile kabla ya Wazungu. Msomaji atauliza: majani ya Marekani yanahusu nini seminari zetu? Yanahusu sana. Bibi huyu anaeleza ginsi mtu wa sayansi alivyopona rohoni kwa kurudi kwenye dawa za wakubwa wake. Nasi tuna wakristu waliosoma kemia asubuhi, na jioni wanakunywa mizizi ya nkambo wao kwa kujificha, kana kwamba wameiiba.

Ugonjwa wake ulianza shuleni. Alipoingia chuo cha misitu, mwalimu aliyempokea alimwuliza sababu ya kuchagua mimea. Akajibu kwamba anataka kujua kwa nini maua mawili ya kwao, moja la zambarau na moja la manjano, yanapendeza hivi yakiota pamoja. Mwalimu akamwambia hiyo si sayansi. Akitaka uzuri, aende kwa wachoraji. Msichana akanyamaza, akajifunza kuuliza kama walivyouliza wao, akapata udaktari. Baadaye sana ndipo alipofahamu kwamba swali lake lilikuwa la sayansi kweli: rangi zile mbili zikikaribiana zinavuta nyuki kuliko kila moja peke yake. Tunaisifu habari hiyo, kwa maana mtungaji halalamiki tu. Anaonyesha kwamba mwalimu alikosa hata kwa kipimo chake mwenyewe.

Lakini jeraha lilitangulia shule yake. Babu yake alichukuliwa akiwa na miaka 9, akapelekwa Carlisle, katika Pennsylvania, kwenye shule ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1879 kusudi watoto wa makabila wasahau lugha na desturi zao. Ilifungwa mwaka 1918. Shule ile haikuwa ya Eklezia, lakini msomaji asikimbilie kujitakasa: huko Kanada shule nyingi za namna ile zilikuwa mikononi mwa mapadri na watawa, na Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda Maskwacis mwezi wa Julai 2022 kuomba msamaha. Bibi Kimmerer alipoanza kujifunza lugha ya wazee wake, anasema, waliobaki wakiijua vizuri walikuwa 9 tu.

Dawa anayoitaja kupita zote ni jani refu lenye harufu tamu, ambalo watu wake wanalihesabu kati ya dawa takatifu, pamoja na tumbako. Katika kitabu hiki halitibu homa wala kuhara. Linasukwa kama nywele, linachomwa wakati wa sala, linatiwa katika vikapu. Linaponya nini basi? Linaponya jicho la mwenye kulitazama. Tungaliona maneno hayo kuwa mepesi kama asingalileta jaribio.

Wasusi wa vikapu wanavuna jani hilo kwa namna mbili: wengine wanabana moja moja karibu na udongo, wengine wanang'oa fungu pamoja na mizizi. Ipi inaharibu? Mwanafunzi wa Bibi Kimmerer aligawa viwanja, akavuna vingine kwa namna ya kwanza, vingine kwa namna ya pili, vingine asiviguse. Wakubwa wa chuo hawakuliona swali kuwa na maana, kwani kila mtu anajua kwamba kuvuna kunapunguza. Matokeo yakawa kinyume. Vilivyovunwa vilistawi, kwa namna zote mbili. Visivyoguswa vilidhoofika, vimesongwa na majani yao makavu. Wazee walikuwa wamesema tangu zamani kwamba jani lisilotumiwa linaondoka. Sura hiyo pekee inastahili bei ya kitabu, nasi tungependa isomwe darasani karibu na somo la falsafa ya maumbile.

Wazee wale walivuna kwa sheria, bila shaka: kuomba kwanza, kutochukua mmea wa kwanza unaouona wala wa mwisho, kutopita nusu, kushukuru. Tukumbuke mti wa Prunus africana katika milima yetu ya Kivu. Gome lake linanunuliwa kwa dawa ya Ulaya, ya wanaume wazee wenye taabu ya mkojo. Tangu mwaka 1995 biashara yake iko chini ya mapatano ya mataifa, kwa maana watu walikuwa wakimenya mti kuzunguka pande zote, nao ukafa umesimama. Aliyechukua gome la upande mmoja, akaacha mengine yapone, alikuwa na dawa tena mwaka mwingine.

Sasa tufike kwenye ugomvi wetu na Bibi Kimmerer. Katika lugha yake, asema, mti unasemwa kama kiumbe hai, si kama kiti. Kiingereza kinautia mti fungu moja na kiti, na hapo ndipo shoka linapopata ruhusa. Katika maandiko ya baadaye alitaka watu watumie neno jipya kwa viumbe vyote hai: "ki" kwa mmoja, "kin" kwa wengi. Tulicheka kidogo. Ki! Kwetu hiyo ndiyo ngeli ya kiti chenyewe, na kisu, na kitanda. Padri Alexis Kagame, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Wanyarwanda, aliweka chini ya "ikintu" kila kilicho bila akili, mimea pamoja na mawe. Tunamheshimu sana Padri Kagame, lakini sarufi ni shahidi dhaifu. Kiswahili kinasema simba ameanguka, kama mtu ameanguka, wala hatujambatiza simba. Mti na mtu wanaanza sawasawa, kisha mmoja umeanguka, mwingine ameanguka. Wakubwa wetu waliosema hivyo hawakudharau miti. Walizika wafu chini yake, waliamua kesi chini yake. Heshima yao haikungoja mti ugeuzwe mtu.

Mtungaji anaita mimea ndugu. Mtakatifu Fransisko wa Assisi aliita jua ndugu naye hakukosea, kwa kuwa alimjua Baba. Lakini udugu bila baba ni nini? Ajabu ni kwamba jibu limo katika kitabu chenyewe. Anaeleza shukrani ndefu ambayo watoto wa shule ya Onondaga wanaisema mwanzoni mwa juma, wakishukuru maji, samaki, miti, dawa, pepo, nyota. Na mwishoni wanamshukuru Muumba. Watoto wanafika mpaka kwake. Profesa anapita hapo upesi.

Pia hatumwachii Eva wake. Katika sura ya kwanza anamweka mwanamke wa hadithi ya kwao, aliyeshuka kutoka mbinguni na mbegu mkononi, mbele ya Eva aliyefukuzwa shambani. Mmoja mama wa bustani, mwingine mgeni duniani. Ndiyo sababu, adhani, wanafunzi wake karibu 200, walipoulizwa juu ya mema ambayo watu na nchi hufanyiana, wengi walijibu: hakuna. Ugonjwa huo ni wa kweli. Lakini Mwanzo, sura ya 2, inampa mtu kulima na kuitunza bustani, na Ufunuo, sura ya 22, inataja mti ambao majani yake ni dawa ya mataifa. Wahubiri wengi wanaanza kwa nyoka na kuishia kwenye jasho; aliyesikia nusu tu anajibu kwa nusu.

Basi mama mkristu anayeuambia mti neno kabla ya kukata gome la dawa, padri amwambie nini? Aulize kwanza neno lenyewe. Akiomba roho inayokaa mtini, afundishwe kwa upole. Akishukuru, asikemewe, aonyeshwe Yule wa kushukuriwa, kama Yoshua bin Sira, sura ya 38, anavyofundisha juu ya dawa zitokazo udongoni. Katika Rituale ya zamani ya Roma kuna baraka ya majani na mimea kwa siku ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe 15 Agosti. Nayo yafaa kufasiriwa katika lugha za parokia zetu.