Kuweka nadhiri bila kuweka silaha chini

Leo niongee kuhusu mchezo. Dungeons & Dragons, wamoja wenu mulishaisikia: watu wanakaa kwa meza, kila mmoja anashika mhusika wake, wanarusha kete, hadithi inaendelea. Ulitoka Marekani mwaka 1974. Kuna sheria moja ndani yake ambayo ninaona mtu wa Mapendo anaweza kuisoma vizuri kuliko wale walioiandika.

Sheria ni hii: mhusika wa kidini hana ruhusa ya silaha zote. Katika matoleo ya kwanza padri alikatazwa silaha yenye makali. Upanga hapana, rungu ndiyo. Wanaoitetea wanatuonyesha Askofu Odo kwenye kitambaa cha Bayeux, akiwa na rungu mkononi katika vita ya Hastings, 1066. Franchement, hoja haisimami. Kwenye kitambaa hicho hicho William, mkubwa wa vita, naye anashika rungu, na yeye hakuwa padri. Ni kweli Mtaguso wa Laterano wa 1215 ulikataza mapadri kumwaga damu. Hata kupasua mgonjwa ulikataza. Lakini haukusema kwamba ukipiga na kitu butu, haina shida. Na mtu aliyepigwa rungu ya kichwa, damu yake haitoki?

Toleo la 2000 lilimwondolea padri katazo hilo. Halafu mwaka 2003 kitabu Book of Exalted Deeds kikaleta nadhiri ya umaskini. Mhusika anaacha mali, anabaki na nguo, chakula cha siku moja na silaha ya kawaida tu, kama vile fimbo. Kwa malipo, kila akipanda daraja anapata nguvu: kumpiga kunakuwa kugumu kuliko mwenye koti ya chuma, na hata njaa haimsumbui tena.

Hapa njo penye kosa. Kujinyima kumekuwa biashara: nipe hiki, nikupe kile.

Siye wa Kivu tunaujua mtindo huo. Mpiganaji wa Mai-Mai anamwagiwa maji yenye dawa ili risasi isimpate, na anapewa masharti: usiibe, usiguse mwanamke, vyakula fulani usile. Risasi ikimpata, watu wanasema alivunja sharti. Sheria haishindwi hata siku moja. Anayeshindwa ni marehemu. Na masharti hayo hayakumnyang'anya mtu bunduki. Yalimpa moyo wa kuishika.

Weka pembeni yake Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu. Alikuwa Mjesuiti, maana yake nadhiri ya umaskini aliiweka kweli. Vita ilipokaribia mwaka 1996, alibaki na watu wake mjini. Tarehe 29 Oktoba wakamuua. Nadhiri yake haikumwongezea ngozi ya chuma, lakini hakuna mtu wa Kivu atakayekuambia kwamba ilishindwa.

Mtu atasema: mchezo ni mchezo, bila faida nani atachagua mhusika kama huyo? Sawa, na mimi nakubali faida iwepo. Lakini itoke mahali pengine, isiwe kwa kupiga. Mtu asiye na silaha akiingia kijijini, watoto hawakimbii, na wamama wanamwambia ukweli ambao hawatamwambia mwenye upanga. Adui akikutana naye, arushe kete kwanza kuona kama mkono wake utakubali kumpiga. Akimpiga, kijiji kizima kijue nani alifanya vile. Hiyo ni nguvu, na inaweza kuandikwa kwa namba kama nguvu nyingine zote.

Kwa hiyo ukishika mhusika wa nadhiri, muulize mwongozaji wa meza swali moja: nikikataa kupiga kabisa, hadithi yako inanipa kazi gani? Kama hana jibu, hiyo nadhiri ni nguo tu ya kuendea vitani.