Elfu Moja Isiyopotea: Uhakiki wa Chemshabongo ya Fedha katika Mandhari ya Kansanga

Kitendawili cha Kiswahili kina utaratibu wake: mtegaji husema "Kitendawili", hadhira hujibu "Tega", na anayeshindwa hutoa mji. Chemshabongo ya fedha zinazoonekana kupotea haina mwanzo huo wala sitiari, na pengine ndiyo sababu huachiwa walimu wa hisabati. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo una kasoro, kwa kuwa mtego wa chemshabongo hiyo umo katika usimulizi kabla ya kuwamo katika tarakimu.

Toleo mashuhuri ni la wageni watatu hotelini. Likihamishiwa Kansanga, kitongoji cha Kampala kilicho kwenye barabara ya Ggaba, ambako ipo kampasi kuu ya Kampala International University, wageni wanaweza kuwa wanafunzi watatu. Kila mmoja anatoa shilingi 10,000, jumla 30,000. Mwenye nyumba ya wageni anakumbuka kuwa bei ni 25,000, hivyo anampa mhudumu 5,000 azirudishe. Mhudumu anaficha 2,000 na kumrudishia kila mwanafunzi 1,000. Kila mmoja basi ametoa 9,000, jumla 27,000. Mhudumu ana 2,000. Jumla ni 29,000. Elfu moja iko wapi?

Haiko popote, kwa sababu haikupotea. Zile 27,000 ni 25,000 za mwenye nyumba pamoja na 2,000 za mhudumu. Kuziongezea 2,000 ni kuhesabu fedha zilezile mara mbili. Kinachokamilisha 30,000 ni 3,000 zilizorudi mikononi mwa wanafunzi.

Kiswahili huuongezea mtego huu ukungu wake. Katika mazungumzo, "kutoa" fedha ni kulipa. Darasani, "kutoa" ni kupunguza. Msimulizi hutumia maana ya kwanza, kisha huficha kwamba hatua inayofuata ilihitaji ya pili: 27,000 kutoa 2,000 ni 25,000. Hata hivyo, utata huu hautoshi kueleza kila kitu, kwani chemshabongo hunasa pia wasikilizaji wa Kiingereza, wasio na kitenzi cha namna hiyo. Chanzo kikuu ni mamlaka ya msimulizi: yeye ndiye anayechagua kinachojumlishwa, nayo hadhira humfuata.

Hapa ndipo uzito wa kimaadili ulipo. Hadhira huhangaika kuitafuta elfu moja isiyokuwapo, ilhali 2,000 zilizoibwa zimetajwa waziwazi na hakuna anayezidai. Swali lisilo sahihi limemkinga mwizi. Mkaguzi wa hesabu za shule au chama cha akiba anaweza kupotezwa vivyo hivyo na taarifa ambayo kila tarakimu yake ni ya kweli.

Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Waandaaji wa vitabu wana nafasi ya kuiweka chemshabongo hii katika somo la lugha, wakitenganisha "kulipa" na "kupunguza", na kumtaka mwanafunzi ajibu maswali mawili kabla ya kujumlisha: fedha ziko mikononi mwa nani, na ni nani aliyechagua swali?