Zeze la Zawose, mwili wa Linyekula, na swali la kijana wa Mwanjelwa

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Mwanjelwa alinijia na swali ambalo sikuwa na jibu lake. Anacheza. Alianzia kwaya ya vijana, akahamia kwenye kundi la kuchangamsha maharusi, na siku hizi ana video kwenye simu ambazo anacheza peke yake, taratibu, bila vigelegele na bila bwana harusi. "Shikamoo mwalimu," akaanza, "hivi mtu wa hapa Mbeya anaweza kuishi kwa hii kitu, au lazima aondoke?"

Nikamwomba wiki mbili. Mimi ni mtu wa vitabu, na mtu wa vitabu akibanwa hukimbilia maisha ya watu wengine. Nikachukua maisha ya wawili: mpiga zeze aliyekwisha kufariki na mchezaji ambaye bado anafanya kazi. Wa kwanza ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Wa pili ni Faustin Linyekula wa Kisangani, Kongo. Najua kwamba hakuna hata mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Hilo ni sehemu ya tatizo, na nitalirudia.

Nianze na Zawose, maana wengi tunadhani tunamjua. Alizaliwa 1938, akafariki Desemba 2003 akiwa Bagamoyo. Kilichomtoa kijijini ni mwito wa Mwalimu Nyerere, enzi ambazo serikali changa ilikuwa inatafuta sauti ya taifa na ikaona inaweza kuipata kwa wapiga zeze na wacheza ngoma. Akawa msanii wa dola, kisha mtu wa Bagamoyo, mahali ambapo Chuo cha Sanaa kilianza 1981 (ndicho TaSUBa ya leo). Baadaye dunia ikamsikia kupitia lebo ya Real World ya Peter Gabriel: Chibite ikatoka 1996, na Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, ikatoka 2002.

Sasa, kuna neno linanikera kila nikisoma habari zake: "muziki wa asili". Mpiga fidla wa Vienna tunasema anapiga muziki wa klasiki. Zawose tunasema anapiga muziki wa asili, kana kwamba uliota wenyewe kama uyoga baada ya mvua. Sikiliza basi Chibite kwa makini. Skeli ya Kigogo inatokana na sauti zilizomo ndani ya uzi wenyewe, zile zinazojitokeza uzi ukitetema. Huo ni mfumo wenye kanuni zake. Zeze lake lilikuwa na nyuzi nyingi kuliko lile la kawaida, na ilimba yake ilikuwa kubwa yenye vyuma vingi, kwa sababu alikuwa akipanua chombo alichorithi. Kuna kurithishwa, kuna mazoezi ya miaka, kuna ubingwa unaopimwa na wanaojua. Kama hiyo sio klasiki, basi mnieleze klasiki ni nini.

Kati ya albamu hizo mbili mimi nasimama na Chibite. Humo yuko na Charles Zawose, mpwa wake, na unasikia hewa iliyopo kati ya sauti na sauti. Assembly ni kazi nzuri, sikatai, na mzee anasikika amefurahia. Lakini Brook ameweka tabaka juu ya tabaka, na kuna mahali zeze linakuwa kama kitambaa kizuri kilichotandikwa juu ya meza ya mtu mwingine. Nadhani ndiyo bei ya kutoka. Ukialikwa kwenye nyumba kubwa, unakaa pale ulipoonyeshwa.

Hata hivyo Zawose alifanya jambo moja ambalo halionekani kwenye jalada la albamu: alijenga nyumba ya wanafunzi kutokana na ukoo wake. Mwanawe Msafiri alitoa Uhamiaji mwaka 2017. Na mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wakatoa Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Hapa pana jambo zito. Kwa desturi ya Kigogo mwanamke alipiga ngoma ya muheme, alicheza na aliitikia. Zeze lilikuwa la wanaume. Kwa hiyo wanawake wa nyumba ile walikuwa nyuma ya mzee miaka yote, wakicheza na kuitikia, huku masikio yao yakiwa kazini. Walipokuja mbele hawakuwa wanafunzi wapya. Tulikuwa tumezoea kuwatazama tu, na hatukufikiri kwamba wanasikiliza.

Linyekula ni habari tofauti. Alizaliwa 1974 Ubundu, kusini mwa Kisangani, na aliingia kwenye sanaa kwa mlango wa fasihi na tamthilia. Nchi ilipochafuka akaenda Nairobi, na huko mwaka 1997 yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaanzisha Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Mwaka 2001 akarudi Kinshasa akaunda Studios Kabako. Kisha mwaka 2006 akafanya kitu ambacho watu wenye akili za kawaida hawafanyi: akaiacha Kinshasa na kuihamishia kazi yake Kisangani, mji uliokuwa umepigwa mizinga na kutelekezwa. Mwaka uliofuata akapewa tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi.

Sijawahi kumwona jukwaani, niseme wazi. Nimeona vipande kwenye skrini, kwa bando langu mwenyewe, na dansi kwenye skrini ni kama ugali kwenye picha. Lakini hata hapo kuna kitu kinapita. Mwili wake mwembamba haujitangazi. Anacheza kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha kwenye nyumba iliyobomoka. Katika more more more... future ya mwaka 2009 alimchukua Flamme Kapaya, mpiga gitaa la dansi la Kikongo, akaweka juu ya gitaa hilo maneno ya rafiki yake Antoine Vumilia Muhindo, mwandishi aliyekuwa amefungwa Kinshasa. Hebu fikiria: muziki uleule ambao watu hutupia noti ukumbini, ukibeba maneno ya mfungwa. Kwetu sisi wapenda fasihi kuna somo hapo. Shairi lilitoka gerezani kabla ya mwenyewe, na lilitoka kwa miguu ya wachezaji.

Ninayoirudia zaidi ni Banataba, iliyoonyeshwa 2017 kwenye Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York. Ilianzia kwenye sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake, iliyokuwa imewekwa stoo huko. Akaifanya kuwa safari ya kurudi kijijini kwa mama. Malalamiko yangu ni haya: kazi hiyo ya kurudi nyumbani ilitazamwa kwanza na watu wa New York. Kazi zake nyingi zinalipwa na Ulaya na kuzinduliwa huko, na watu wa Kisangani wanaisikia habari ya jina lao ikitoka mbali. Simlaumu. Nani mwingine angelipa? Ila tusijidanganye kwamba amelitatua swali la kijana wangu. Ameligawa mara mbili: anaishi nyumbani, mshahara unatoka ugenini.

Sasa nirudi kwetu. Banataba ilinikumbusha Kalenga, pale nje kidogo ya Iringa. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954 kutoka Ujerumani, na mtoto wa shule yeyote wa Iringa anaijua habari hiyo. Ila kuna kitu kingine cha Wahehe kilichoondoka na hakuna aliyekidai. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita na mashine yake akarekodi ligombo, chombo cha Wahehe cha ubao uliochimbwa, uzi ukipitishwa huku na huku juu yake, na kibuyu cha kukuza sauti. Rekodi hizo ziliingia kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha huko Afrika Kusini, na aliianzisha mwaka uleule wa 1954. Leo iko Makhanda. Mwaka ambao kichwa cha chifu kilirudi, sauti ya ligombo ilipata makao ya kudumu ugenini.

Nimeuliza mara kadhaa Iringa mjini. Watu wa rika langu wengi wanalijua jina la ligombo, sauti hawaijui. Mzee mmoja pale karibu na stendi alinijibu, "Mwanangu, hilo lilipigwa kwa watu waliokuwa na muda wa kukaa chini." Hakuniambia wamekwenda wapi.

Kwa upande wa uchezaji hali ni nyingine, na hapa wahakiki wa mjini Dar mara nyingi hawatazami. Ukitaka kuona koreografia Mbeya, usitafute ukumbi wa sanaa. Nenda kanisani Jumapili. Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, na zaidi ya miaka mia moja ya kwaya imewafundisha watu wetu kuingia kwa pamoja, kugeuka kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja. Stepu za kwaya ya vijana zina hesabu kali kuliko wengi wanavyodhani. Kisha Jumamosi vijana walewale wanazipeleka ukumbini kwenye harusi, wanaongeza kiuno, wanalipwa. Shule ipo na soko lipo. Kinachokosekana ni mtu wa kutazama na kusema kwa maandishi kwamba hiki kilikuwa kizuri, kile kilikuwa cha kuiga, na hapa palizaliwa kitu kipya.

Hilo ndilo nililolipata kwa kuwaweka hawa wawili pamoja. Zawose alikuwa na dola iliyomwita, na Linyekula ana majumba ya Ulaya yanayomlipa. Lakini kazi zao zimekaa kwa sababu nyingine pia: walizungukwa na watu waliojua kutofautisha. Pendo na Leah walikuwa wasikilizaji kabla ya kushika zeze. Linyekula alikuwa na marafiki waandishi kabla ya kuwa na watazamaji. Ligombo lilikosa wa namna hiyo, na wasikilizaji wake walipokwisha, hata mpigaji hodari kuliko wote asingeweza kuliokoa peke yake.

Wiki mbili zilipokwisha, kijana akarudi. Nikamwambia aende Bagamoyo akasome, kwa sababu mwili unahitaji walimu, na mimi sina cha kumfundisha huko. Akacheka: "Kwa hiyo jibu ni niondoke." Nikamwambia ndiyo, ila kabla ya kuondoka acheze mara moja, peke yake, uwani kwa mama yake Mwanjelwa, na aalike watu kumi. Nami nitakuja na daftari.

Alicheza Jumapili iliyopita, baada ya ibada. Alikuwa mzuri mwanzoni, akapoteza njia katikati pale alipoanza kutafuta makofi, akaipata tena mwishoni alipolala chini kwenye vumbi na kubaki hapo muda mrefu kuliko tulivyotaka. Mama mmoja aliuliza kama ameumia. Nimeyaandika yote hayo, na nimempa nakala.