Twiga wa ubao wa mraba, milia ya kusini

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, mkoani Ruvuma, na mkoa huo hauna twiga wa porini. Upande huu wa nchi mpaka wao wa asili ni Mto Rufiji: kaskazini yake wapo, kusini yake hawapo. Hawapo pia ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji. Kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, mtu anaweza kuzeeka asimwone twiga ila pichani. Hata hivyo, mtindo uliobeba jina la mtoto huyo wa Ruvuma ndio uliomfanya twiga kuwa sura ya picha zinazouzwa Tanzania nzima. Twiga huyo alitengenezwaje?

Tuanze na ubao. Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 jijini Dar es Salaam, na vifaa vyake vilitoka duka la vifaa vya ujenzi, si duka la wasanii. Alichora kwenye hadibodi, akitumia vipande vya mraba vya takribani sentimita 60 kila upande. Hesabu yake ni ya fundi seremala: karatasi ya hadibodi ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, na hakuna kinachotupwa. Rangi nayo ilikuwa ile ya mafuta inayong'aa, ya kupakia baiskeli.

Vitu hivyo viwili viliamua karibu kila kitu kilichofuata. Rangi ya mafuta huchelewa kukauka, na ukiigusa mbichi kwa rangi nyingine hupati kivuli laini, unapata tope. Kwa hiyo kazi hufanywa kwa tabaka. Kwanza mandhari ya nyuma, ikauke. Kisha umbo zima la mnyama kwa rangi moja, likauke. Mwisho madoa, macho na mistari ya kingo. Picha haina kivuli wala umbali, na mnyama angebaki bapa kabisa kama si madoa. Fundi anayajua: makubwa kiwiliwilini, madogo kadiri anavyoshuka miguuni na kupanda usoni. Jicho la mtazamaji linasoma tofauti hiyo na kuona mwili wenye unene. Madoa yamefanya kazi ambayo wachoraji wengine huifanya kwa kivuli.

Tatizo la pili ni mraba wenyewe. Twiga dume hupita mita 5 kwa urefu, na ukimsimamisha wima ndani ya mraba, nafasi kubwa pande zote mbili inabaki tupu. Mafundi wa mtindo huu wamelitatua kwa kuikunja shingo, kukiinamisha kichwa, au kuwakutanisha twiga wawili shingo zikapishana. Shingo halisi ina pingili 7 tu, idadi ileile ya binadamu, kila moja ikiwa ndefu mno, hivyo haijikunji kama nyoka. Ya ubaoni hujikunja kwa sababu ubao umedai hivyo. Wengine wakaamua kuubadili ubao, wakakata vipande virefu vyembamba.

Linganisha na kwingine. Kwenye miamba ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, twiga wamechorwa kwa rangi nyekundu na watu walioishi katika nchi yenye twiga. Huko China, twiga mmoja alifikishwa kwa mfalme wa nasaba ya Ming mwaka 1414 kutoka Bengali, na mwingine mwaka 1415 kutoka Malindi. Mchoro uliobaki, wenye maandishi ya mwandishi Shen Du, haukuchora madoa moja moja, bali ulifanya ngozi kuwa wavu wa vyumba vilivyoshikana. Wakubwa wa Ming walimpokea mnyama huyo kama qilin, kiumbe wa heri katika hadithi zao, na ngozi iliyopangwa kwa nidhamu hiyo ilimfaa kiumbe wa namna hiyo. Twiga wa Kimasai, aliye Tanzania, ana madoa yenye kingo zilizochanikachanika. Kwenye hadibodi kingo hizo hupotea, hubaki duara lililopakwa kwa brashi.

Sasa tuje kwa pundamilia, maana kusini ina wake. Pundamilia wa kusini mwa Tanzania, kaskazini mwa Msumbiji, Malawi na mashariki mwa Zambia ni jamii iliyopewa jina la Richard Crawshay, ofisa wa Kiingereza katika Nyasaland ya wakati ule. Ilielezwa kisayansi mwaka 1896. Milia yake ni mingi na myembamba, inashuka hadi kwatoni, na katikati yake hakuna ile mistari hafifu ya kahawia ionekanayo kwa pundamilia wa nchi za kusini zaidi. Yule wa Serengeti ana milia mipana na michache zaidi.

Wembamba huo una kazi. Majaribio ya watafiti wa Hungaria yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa kadiri milia inavyokuwa myembamba, ndivyo inavyowavutia kidogo nzi wakubwa wanaofyonza damu. Mwaka 2019 watafiti wakaripoti kutoka Uingereza kwamba farasi waliovishwa nguo za milia walizungukwa na nzi sawa na wenzao, ila nzi hao walishindwa kutua mara nyingi.

Wachoraji wawili wa zamani waliiheshimu milia. Ustad Mansur alimchora pundamilia wa mfalme Jahangir huko India mwaka 1621. Jahangir aliandika kuwa mnyama huyo alichunguzwa kwanza, kwa kuwa baadhi ya watu walidhani amepakwa rangi. George Stubbs alichora wa malkia wa Uingereza mwaka 1763 kwa uangalifu uliowawezesha wataalamu wa baadaye kumtambua kuwa pundamilia wa milimani kutoka Rasi, Afrika Kusini. Wote wawili waliufuata mstari mmoja mmoja.

Fundi wa hadibodi kwa kawaida hupaka mwili mweupe, kisha hupitisha mistari myeusi. Kimaumbile ni kinyume chake: ngozi ya pundamilia chini ya manyoya ni nyeusi, na weupe ni sehemu ambazo nywele hazikupata rangi. Brashi nene juu ya weupe huzaa mistari michache mipana, na kila pundamilia hugeuka wa Serengeti.

Hukumu yangu ni hii: kanuni ya Tingatinga inamfaa twiga, lakini haimtoshi pundamilia wa kusini. Walimu wa sanaa wa Mbinga na wachoraji wa Mbamba Bay, jaribuni kugeuza mpango. Pakeni umbo jeusi, likauke kabisa, kisha pitisheni milia nyeupe kwa brashi nyembamba, mara mbili ikibidi, mkiishusha hadi kwatoni. Mpango wa zamani msiutupe, kwa kuwa samaki aitwaye mbuna wa Ziwa Nyasa, mwenye mwili wa bluu na mistari myeusi, anachorwa sawasawa kwa kuanza na bluu.